Mwezi wa kumi na tatu: barua ya wazi kwa mnaosimamia utamaduni Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga ganuni, mtu wa Mwembetanga, umri wangu unatosha vijana wa klabu yetu kuniita babu. Nawaandikia nikiwa na ganuni mapajani na nyuzi tatu zimekatika.

Kwa asiyeijua, ganuni ni lile sanduku bapa, upande mmoja umekatwa mshazari, lenye nyuzi zaidi ya 70. Nyuzi hizo zimepangwa tatu tatu, na kila tatu hutoa sauti moja. Uzi mmoja ukikatika, mbili zilizobaki huibeba sauti na msikilizaji hajui kitu. Ukikatika wa pili, mpiga fidla aliyekaa karibu nami hugeuza shingo. Ukikatika wa tatu, sauti hiyo huna tena. Kila wimbo unapoifikia unairuka, kama mtu anayeruka dimbwi uchochoroni wakati wa masika. Mimi naruka tangu mwezi uliopita. Nyuzi za ganuni haziuzwi Darajani. Tunangoja mtu wetu anayekwenda Cairo au Istanbul, tunampa pesa pamoja na kipande cha uzi wa zamani cha kupimia unene, kisha tunamwombea safari njema kwa sababu mbili.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Kuna wazo ambalo hurudi kila mwaka pale Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Mji Mkongwe, tamasha la Februari la Sauti za Busara likishamalizika na majukwaa ya Ngome Kongwe yakishavunjwa. Mtu huweka kikombe cha kahawa chini na kuuliza: mbona sisi siku nne tu? Mbona Zanzibar isitangaze mwaka mzima wa sanaa na utamaduni, miezi kumi na miwili, kama wafanyavyo wenzetu wa Ulaya na miji yao? Wengine hucheka, wengine huanza papo hapo kuhesabu wageni. Iko siku wazo hilo litapanda ngazi mpaka mezani kwenu, kama halijapanda bado. Mimi nalipenda. Ila naomba nisikilizwe sasa, kabla ya kamati, kabla ya nembo, kabla ya fulana, maana fulana zikishachapwa hakuna anayesikiliza tena.

Wenzetu walianza Athens mwaka 1985. Wazo lilikuwa la Melina Mercouri, mwigizaji aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki: kila mwaka mji mmoja wa Ulaya upewe zamu. Glasgow ikapata yake 1990, mji wa viwanda na moshi ambao hakuna aliyeutaja na sanaa katika sentensi moja. Liverpool ikapata 2008. Huku Afrika, Marrakech ilikuwa imeshachaguliwa kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Afrika wa mwaka 2020. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, shughuli ikiwa mlangoni, zamu ikahamishiwa Rabat. Ulize wasanii wa Marrakech waliokuwa wamekwisha kushona nguo.

Lakini mji ninaotaka muusome vizuri ni Coventry, Uingereza. Ulichaguliwa kuwa Jiji la Utamaduni la nchi hiyo kwa mwaka 2021. Korona ikausogeza mwanzo, sherehe zikafunguliwa Mei 2021 na kufungwa Mei 2022. Kulikuwa na taasisi maalumu iliyoundwa kuendesha mwaka huo na kuendeleza kazi baada yake. Oktoba 2022, miezi mitano tu baada ya kufunga pazia, halmashauri ya mji iliikopesha taasisi hiyo pauni milioni 1 ili isizame. Februari 2023 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wafanyakazi wakaondoka na maboksi yao, na miongoni mwa waliobaki wanadai wakawamo watu wa sanaa wa mji wenyewe. Huo ni mji wa nchi tajiri, wenye wahasibu na mawakili kila kona.

Wazee wetu walikwisha sema ngoma ikivuma sana hupasuka, na sisi tunaozifunga ngoma hizo kwa mikono tunajua zaidi: haipasuki ikipigwa. Hupasuka baadaye, imeachwa juani, hakuna aliyekumbuka kuilegeza ngozi. Coventry haikupasuka jukwaani. Ilipasuka katika kile ninachokiita mwezi wa kumi na tatu, na barua yangu yote hii ni kuhusu mwezi huo.

Kwetu mwezi wa kumi na tatu tunaujua bila hata kuwa na ile kumi na miwili. Sauti za Busara ilianza 2004, ikaijaza Ngome Kongwe mwaka baada ya mwaka, ikawaleta wanamuziki kutoka kila pembe ya Afrika; mwaka 2016 haikufanyika, fedha hazikupatikana. Ikarudi mwaka uliofuata, alhamdulillahi. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimefundisha vijana wetu tangu 2002, udi, fidla, ganuni, na kidumbak, ile taarabu ya mitaani ya ngoma ndogo; mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga milango kwa sababu hiyo hiyo. Hao si watu wazembe. Ni miongoni mwa waliofanya kazi vizuri kuliko wote, na bado roho zao zimefungwa kwenye wafadhili ambao kesho wanaweza kupenda kitu kingine. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mwaka mzima, swali langu la kwanza ni: na siku ya 366 ataishi wapi mwalimu wa ganuni?

Tuingie kwenye kalenda, maana hapo ndipo nahofia mtajikwaa. Tamasha la siku nne unalipangia kaskazi, bahari shwari, mvua hakuna, wageni wamejaa. Mwaka hauchagui. Mwaka una masika ndani yake, Aprili na Mei, mvua inapiga mabati mpaka husikii fidla, hoteli zimefunga au zina wafanyakazi watatu, na wapigaji wengi hawana hata harusi ya kuwaita. Mwaka una Ramadhani, mwezi ambao taarabu hunyamaza kwa heshima. Atakayeandika ratiba akiwa hatujui ataona miezi hiyo kuwa mapengo na ataijaza kwa kitu chochote, au ataiacha tupu na kuiita miezi ya maandalizi.

Mimi naiona tofauti. Ramadhani ina sanaa yake: kaswida, vijana wanaopita na ngoma usiku kuamsha watu wale daku, hadithi za kungojea magharibi. Halafu Idi, watoto na nguo mpya Mnazi Mmoja. Mfungo Sita yanakuja maulidi, na kama hamjakaa karibu na wale wa maulidi ya homu, safu nzima ya watu wazima inainama na kuinuka kama shamba la mpunga linapopitiwa na upepo, basi kuna mengi hamjayaona hapa mjini penu. Julai ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, migomba inapigwa mgongoni, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba yale ambayo siku nyingine hayasemwi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji kamati. Vinahitaji muviache viende kwa utaratibu wake, muwasaidie wenyewe pale wanapoomba, na musiwawekee jukwaa mbele. Nimeona jukwaa likiwekwa mbele ya jambo la asili. Mwaka wa kwanza watu hucheza kwa ajili ya jambo lao, mwaka wa tatu hucheza kwa ajili ya jukwaa.

Masika ndiyo ningeyatumia kwa kufundisha. Mvua inapomfungia kila mtu ndani, ndipo mwanafunzi anapojifunza maqam, zile ngazi za sauti tunazojengea nyimbo. Mimi nilijifunza hivyo, mwalimu wangu akinigonga vidole kwa kalamu, ndoo tatu zikikinga maji sebuleni, kila moja na sauti yake.

Na huo mwaka utafanyika wapi? Nauliza kwa sababu najua jibu litakalokuja kwanza: Forodhani, Ngome Kongwe, barabara ya Mizingani, mahali penye picha nzuri. Sawa. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na ni fahari yetu. Lakini Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu, hakuupata umaarufu kwenye roshani za baharini. Aliishi Ng'ambo, na Ng'ambo ndiko watu walikofurika barazani kumsikiliza kabla hajapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Ng'ambo maana yake upande wa pili wa maji. Ule mkono wa bahari ulikwisha fukiwa na daraja limebaki jina tu, Darajani. Ila katika ramani za wapangaji shughuli, naona maji bado yapo. Matangazo yanaishia sokoni. Kidumbak kilizaliwa wapi? Beni, ile bendi ya tarumbeta na ngoma, linapita mitaa gani? Raha Leo kuna nini? Watu wengi wa mji huu wanalala Michenzani, Kikwajuni, Miembeni, Magomeni, Amani, na wengi wao hawajawahi kuingia Ngome Kongwe usiku kwa tiketi.

Pemba nitaitaja kwa ufupi kwa sababu Wapemba wenyewe watawaandikia, na kalamu zao ni kali kuliko yangu. Msewe na kibati, ngoma za kwao, haviletwi Unguja kwa boti siku moja vikapigwa picha vikarudishwa. Kama jina ni Zanzibar, basi boti na ielekee upande wa pili pia.

Sasa jambo la malipo, na hapa mtanisamehe nikinyanyua sauti kidogo.

Miaka kadhaa nyuma klabu yetu iliitwa kupiga katika hafla moja kubwa. Mwenyewe simtaji. Tulikuwa watu 14, tumepiga pasi kanzu na koti, tumefanya mazoezi wiki mbili. Tulipiga bashraf, yaani kipande cha ala tupu cha kufungulia, tukapiga nyimbo tatu, tukapigiwa makofi na kupewa maji ya chupa. Malipo, tukaambiwa, yatafuata baada ya taratibu. Taratibu zilichukua miezi minane. Kila Jumatatu nilipanda daladala kwenda kuuliza. Binti wa mapokezi alinizoea mpaka akawa ananiuliza hali ya mjukuu wangu kwa jina, na siku mjukuu alipougua alinipa machungwa nimpelekee. Mpiga dumbak wetu alikuwa amekopa ili aache kazi yake ya kibarua siku mbili za hafla. Deni lile lilimaliza urafiki wa miaka 20. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukisikia kwa kijana wa mitambo: vipaza sauti na taa vilivyoletwa kutoka Dar vililipwa kabla havijashuka bandarini. Mwenye spika hakubali kuja bila pesa mkononi. Mwenye udi hukubali, kwa sababu anapenda, na kwa sababu akikataa atapigiwa simu mwingine.

Zidisha hiyo kwa miezi kumi na miwili na vikundi mia, halafu mniambie kama mnauona mwaka wa sherehe au mwaka wa foleni.

Ombi langu hapa ni moja na halina ufundi. Aliyepiga alipwe usiku ule ule, kabla ya kuifungia fidla kwenye boksi lake. Kama ofisi haina pesa siku hiyo, shughuli isifanyike siku hiyo. Nasikia mtasema sheria za manunuzi hazikubali. Basi kaeni na wanasheria sasa, mnao muda, kuliko kutuachia sisi kukaa na wenye maduka baadaye.

Na kuna hoteli. Nisiwakasirikie sana, maana ndizo zinazotulisha msimu wa wageni. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000 visiwani, na wengi wao, kama walisikia taarabu, waliisikia dakika 20 kati ya supu na samaki, tumeombwa tupige polepole kwa kuwa watu wanazungumza. Wimbo wa taarabu asilia hauishi haraka. Unaanza na ala peke yake, mwimbaji amekaa kimya anangoja, hadhira inajua kwamba anangoja, na utamu wake uko katika kungoja huko. Kisha mtu ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda polepole akicheza, kutunza ubeti uliomgusa au uliomgusa jirani yake aliyekaa mstari wa nyuma. Hilo haliingii kati ya supu na samaki. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayeishia kupiga nusu wimbo kila usiku kwa miaka kumi, siku moja huisahau nusu ya pili. Nina vijana wawili katika klabu yetu ambao ni hodari kweli kweli wa dakika tano za mwanzo.

Wazee walikuwa wakisema zumari likipigwa Unguja hucheza walio Maziwa Makuu. Ikhwani Safaa imeanza mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Hivi ni vikundi vyenye umri mkubwa kuliko wizara nyingi duniani, na vimeokoka kwa sababu moja: kila kimoja kilikuwa na chumba. Nasema chumba chenye mlango, ufunguo, viti, kabati la ala, na saa ya mazoezi inayojulikana na mtaa mzima. Hakuna jukwaa duniani lililowahi kumlea mpiga udi. Chumba humlea. Mtoto hupita njia akitoka madrasa, husimama dirishani, siku ya kumi huambiwa ingia ushike cherewa, yaani kayamba za kutikisa, na miaka kumi na tano baadaye ndiye anayeongoza kikundi. Mimi ni mtoto wa dirishani.

Vyumba hivyo vinakwisha. Mji Mkongwe kila nyumba inayotoka mikononi mwa familia ina uwezekano wa kuwa nyumba ya wageni, na kodi inapanda kwa kipimo cha dola. Na kuta zenyewe, mnajua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafariki. Ile ni nyumba ambayo dunia nzima ilikuwa inaitazama. Chumba chetu cha mazoezi kinatazamwa na paka.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye kukata keki ya fedha hizo, nusu nzima ningeiweka kwenye vitu ambavyo Januari ya mwaka unaofuata vitakuwa bado vipo: mapaa ya vyumba vya klabu, Unguja na Pemba, shamba na mjini, ala na nyuzi zake, mishahara ya walimu kwa miaka mitano isiyopungua, iandikwe na kuwekwa benki kabla fataki ya kwanza haijarushwa. Nusu iliyobaki fanyeni sherehe mnavyotaka, sitatia neno, hata mkimleta mwimbaji wa nje kwa ndege yake mwenyewe. Mtaniambia nusu ni nyingi. Hull, mji mwingine wa Uingereza, ulipopewa zamu mwaka 2017 ulifundisha wakazi zaidi ya 2,000 kuwa wenyeji wa kujitolea, na sherehe zilipokwisha watu wale waliendelea kuitwa katika shughuli za mji. Walichofanya ni kuweka pesa ndani ya watu. Turubai ukilikodi, Jumapili mwenyewe anakuja kulichukua.

Na nusu hiyo isishikwe na kamati ya sherehe. Kamati ya sherehe, hata ikiwa ya malaika, mwezi wa kumi itaishiwa na itaitazama ile ya walimu kwa jicho la kuazima.

Sina la kuongeza juu ya nembo, wimbo rasmi, wala kauli mbiu. Mtavipata. Nina shaka moja ndogo tu kuhusu mavazi: tafadhali msituvalishe. Tuna kanzu zetu.

Kabla hamjakaa kikao cha kwanza cha jambo hili, nawaalika mazoezini. Tunakutana Jumanne na Alhamisi baada ya Isha, saa mbili na nusu hivi, kutegemea mpiga akodioni amefunga duka saa ngapi. Msije na msafara, uchochoro haupitishi gari. Msije na mpiga picha. Viti vipo kumi na moja, kimoja mguu wake si wa kuamini, tutakaa sisi hicho. Mtatusikia tukianza bashraf, mtaona vijana wawili dirishani, na mtakapofika pale katikati ambapo fidla zinapanda na ganuni ilipaswa kuzijibu, mtasikia nafasi. Hapo ndipo ilipo ile sauti yangu isiyokuwapo. Yupo mtu wetu anatoka Cairo mwisho wa mwezi.

Wassalaam,

Mpiga ganuni, Mwembetanga